Ziara ya Kilwa Kisiwani na Mafunzo Yake kwa Vijana Wetu wa Nkowe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Katika Qur'ani Tukufu twaamrishwa, wala si mahali pamoja tu, kutembea katika nchi na kutazama ulikuwaje mwisho wa wale waliotutangulia. Amri hii wengi wetu twaisoma, na wachache twaitenda. Watu wa Ulaya wameifanya safari ya namna hiyo kuwa desturi ya mapumziko yao. Kila mwaka watu wengi hupanda meli za mto Danube, wakateremka katika mji wa kale wa Regensburg, nchi ya Bavaria huko Ujerumani, wakalitazama daraja la mawe lililojengwa baina ya mwaka 1135 na 1146. Hupita juu yake na watoto wao, wakarudi makwao wakiwa na habari za karne tisa vichwani mwao.

Nasi jamaa wa Nkowe, pamoja na ndugu zetu wa Ruangwa na Nachingwea, tunao mji ambao msikiti wake mkuu ulianzwa katika karne ya 11, yaani kabla ya jiwe la kwanza la daraja lile kutiwa majini. Mji huo hauko ng'ambo ya dunia. Uko katika mkoa wetu huu huu wa Lindi, nao ni Kilwa Kisiwani. Je, ni wangapi katika sisi waliouona kwa macho? Ni wazazi wangapi waliowapeleka watoto wao? Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za ziara ya mji huo: uzuri wake, na pia jambo moja zito ambalo kila kijana wa bara hukutana nalo akifika pale, na ambalo haifai kumwacha apambane nalo peke yake.

NJIA YA KWENDA

Anayetoka Nkowe huteremka hadi Nanganga, akaishika barabara kuu itokayo Masasi kwenda pwani. Hupita Mtama na Mnazi Mmoja, akaingia Lindi, kisha akaelekea kaskazini kwa njia ya Mchinga mpaka Nangurukuru, na hapo huiacha barabara ya Dar es Salaam akashika njia ya Kilwa Masoko. Safari ya kwenda humaliza mchana mzima, kwa hiyo si ya kwenda na kurudi siku moja. Heri kulala Masoko na kuvuka asubuhi.

Kibali cha kuvuka hutolewa Kilwa Masoko na ofisi ya serikali yenye kuyasimamia magofu, na msafiri hupewa mtu wa kumwongoza. Kisha ni mashua ya tanga au boti ya mashine, kwani kati ya Masoko na kisiwa pana mkono mwembamba wa bahari tu. Katika miaka ya karibuni hata meli kubwa za watalii zimekuwa zikitia nanga pale, na wageni kutoka nchi za mbali wakashushwa pwani kwa makundi. Basi mgeni wa Ufaransa aiona Kilwa, na kijana wa Nkowe hajaiona. Jambo hili latupasa tulifikiri.

Jengo la kwanza ambalo msafiri huliona akikaribia pwani ni ngome iitwayo Gereza. Wareno walijenga ngome yao mahali hapo mwaka 1505, nayo hii iliyopo sasa ni ya Waarabu wa Omani, iliyojengwa juu ya misingi ya ile ya kwanza yapata mwanzo wa karne ya 19. Bahari imeula upande wake mmoja. Ilikuwa ni kwa sababu ya mawimbi na ubovu wa kuta hata shirika la UNESCO, lililoiandika Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, likaiweka mwaka 2004 katika orodha ya mahali palipo hatarini. Kuta zikategemezwa, na mikoko ikapandwa ili kuyavunja nguvu mawimbi. Na mwaka 2014 jina la Kilwa likaondolewa katika orodha ile. Walakini bahari haijaacha kazi yake.

MSIKITI MKUU

Kutoka Gereza ni mwendo mfupi mpaka Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini, yenye mihirabu, ndiyo ya kale zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipita Kilwa kwenda Arabuni na Bara Hindi, msikiti ukaongezwa upande wa kusini, ukawa mkubwa mara nyingi kuliko ulivyokuwa. Sehemu hiyo iliezekwa kwa kuba na matao, na katika zama zake haukuwako msikiti mwingine katika pwani hii ulioufikia kwa ukubwa.

Tulipoingia chini ya matao yale tulinyamaza. Nguzo ni safu kwa safu, na mtu akisimama katikati huiona mistari ya waliosali, kana kwamba imamu bado hajatoa salamu. Mawe yake yalikatwa baharini na pwani, ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Hapana kilicholetwa kutoka mbali katika kuta zile. Fundi aliyezijenga alitumia kilichokuwa miguuni pake, akakiinua mpaka kikawa kuba. Kijana anayesema kwamba kijijini kwake hapana kitu cha kujengea maisha, na aje ayatazame mawe haya.

Karibu na msikiti pana kisima na mahali pa kutawadhia. Mbele yake upo Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, ambao umesimama vizuri kuliko mingi. Kusini ya mji zimo kuta za Msikiti wa Jangwani, na karibu na Gereza Msikiti wa Malindi na makaburi yake. Upande wa magharibi ni Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18. Na mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane. Mtaalamu Mwingereza Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, aliona humo vigae vya vyombo vya Kichina vilivyotoka katika masafa ambayo hata leo ndege huyapita kwa saa nyingi.

Masultani hao walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, na maneno ya pande mbili za sarafu yalipangwa kwa vina, upande mmoja ukimtaja Mwenyezi Mungu na wa pili ukimtaja mfalme. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilionekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

SULTANI ALIYEVUA NGUO ZAKE

Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri mashuhuri, Ibn Battuta wa Tanja, katika Maghribi. Aliisifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri, na watu wake akawasifu kwa dini na wema. Sultani wakati huo alikuwa huyo al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abul Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa.

Asimulia Ibn Battuta kwamba siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Maskini akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile akampa yule maskini, naye akazifunga, akajitwika, akaenda zake. Watu wakamsifu sana mfalme wao kwa unyenyekevu. Mwanawe sultani akazirudisha zile nguo kwa maskini yule kwa kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolifurahia jambo lile, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sultani huyu alipokufa, akatawala nduguye Daud. Huyo alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija, alimwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi katika mawaidha kuwa ni mfano wa ukarimu, nacho ni mfano kweli. Walakini twawaomba wasomaji wetu warudi nyuma kidogo wakihesabu. Nguo zilikuwa za sultani, na alikuwa na haki ya kuzitoa. Wale watu ishirini, je? Ibn Battuta ametuachia jina la sultani, na jina la nduguye, na la mji, na la nchi ya maskini. Majina ya wale ishirini hakutuachia hata moja. Tena ametueleza walikotoka watu wa namna hiyo: sultani alikuwa akifanya mashambulio mengi katika nchi za bara, akiteka nyara, na sehemu ya tano akiiweka mbali kwa matumizi yaliyotajwa katika Qur'ani. Na bara ya Kilwa ni nchi gani, ikiwa si upande huu wetu?

MJI HUU NI WA NANI?

Hapa ndipo kijana wetu hushikwa na shaka. Mmoja husema: "Mji huu ni wa Waarabu na Washirazi, sisi Wamwera na Wamakonde hatuna letu humo." Mwingine husema neno zito zaidi: "Huu ni mji wa waliowauza babu zetu, mimi nitaushangiliaje?" Maneno haya yapo, na mzazi au mwalimu anayejifanya hayasikii hamsaidii kijana.

Neno la kwanza jawabu lake si gumu. Hadithi za Kilwa zasema kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa mfalme mwenyeji kwa nguo za kukizunguka chote. Wenyeji, basi, walikuwapo kabla yake. Ibn Battuta naye aeleza kwamba watu wengi wa Kilwa walikuwa weusi sana, wenye alama za kuchanjwa nyusoni. Wazee wetu waliovaa chale nyusoni wangalikwenda sokoni mwa Kilwa siku ile bila ya kuonekana wageni. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani hii, na wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi walikuwa miongoni mwao. Ilidhihirika kwamba kwa upande wa mama asili yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na kwa upande wa baba wengi walikuwa na damu ya Uajemi, na kuchanganyika kule kulianza yapata mwaka 1000. Basi hadithi ya wazee haikuwa uwongo, wala haikuwa kweli yote. Mji ni wa mama zetu pia.

Neno la pili halijibiwi kwa wepesi, kwa kuwa ni kweli. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Katika karne ya 19 biashara ilihamia Kilwa Kivinje, kaskazini ya Masoko, na misafara ikawa yatoka mpaka Ziwa Nyasa ikipita katika nchi za Wayao, Wangindo, Wamakua na Wamwera. Baina ya mwaka 1862 na 1867, hesabu za forodha za Kilwa zilipita watu 90,000 waliopakiwa majahazini, walio wengi wakipelekwa Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja aliipiga marufuku biashara hiyo baharini, na mwaka 1876 akaikataza misafara ya bara. Wanunuzi walikuwa wa dini mbalimbali, na wauzaji kadhalika, wakiwamo wakubwa wa bara waliouza jirani zao. Lakini kila umma utaulizwa yake, nasi tutaulizwa yetu.

Je, Uislamu wasemaje? Qur'ani yatuamuru tuwe mashahidi wa haki, hata ikiwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wale waliokamatwa usiku katika mashamba ya mtama hapa bara hawakuwa mateka wa jihadi yoyote. Walikuwa watu huru. Basi aliyewauza, ajapokuwa alisali safu ya kwanza katika Msikiti Mkuu, dini aliyoiswalia ndiyo ile ile itakayomshitaki.

Hatusemi haya kuuvunjia mji heshima. Watu wa Regensburg tuliowataja waliwafukuza Mayahudi wa mji wao mwaka 1519 wakalibomoa hekalu lao. Hawakulificha jambo hilo. Mwaka 2005 iliwekwa mahali pale pale kumbukumbu ya saruji nyeupe, na mgeni anayekuja kulitazama daraja huonyeshwa na hiyo. Mji haukupungukiwa na kitu kwa kusema kweli.

Wala Uislamu wa Nkowe haukuletwa na waliokuja na minyororo. Waliowafundisha wazee wetu alifu na bee ni waalimu waliotembea kwa miguu kutoka pwani, wenye juzuu na kibuyu cha maji, na watu wa tariqa za Kadiria na Shadhilia, hasa katika miaka iliyofuata Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Na katika walioshika dini hii kwa nguvu walikuwamo wengi ambao wao wenyewe, au mama zao, walipata kuwa watumwa. Waliukataa utumwa wasiikatae sala. Walijua kuitofautisha haki na aliyeivunja, nasi tusishindwe na wao.

KWA NINI MJI ULIANGUKA

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu za vita akaitoza Kilwa kodi ya dhahabu. Tarehe 24 Julai 1505, Francisco d'Almeida akaiingia na kuiteka nyara. Wareno waliiacha ngome yao mwaka 1512, lakini biashara ya Sofala ilikwisha vunjika. Haya ni makosa ya maadui. Walakini wenye kuandika habari za Kilwa wametuachia na makosa ya wenyewe: kabla ya Wareno, mawaziri na maamiri walikuwa wakiwapandisha na kuwashusha masultani wapendavyo, na aliyekuwa akitawala mwaka 1505, Amir Ibrahim, hakuwa wa ukoo wa ufalme, kwa hiyo nusu ya wakubwa walimkataa. Nyumba yenye mlango uliobomolewa kutoka ndani haimchoshi mwizi.

SHAURI LETU KWA WAZAZI

Twawashauri jamaa wa Nkowe, na waalimu wa madrasa zetu, wakusanye akiba kidogo kidogo, na wakati wa kufungwa kwa shule wawachukue vijana, wa kiume na wa kike, kwa ziara hii. Wazingatie haya.

Kwanza, msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, basi na ijulikane na kila mtoto kabla ya kuondoka. Pili, misikiti ile ijapokuwa magofu ilijengwa kuwa nyumba za Mwenyezi Mungu. Haifai kupanda juu ya mihirabu wala kucheka kwa sauti ndani yake. Tatu, makaburi huamkiwa kwa salamu na dua ya kuwaombea waliolala humo; hawaombwi wao. Nne, asiokote mtu hata kigae kimoja. Kigae kikiwa mahali pake chawasomesha wote. Mfukoni mwa mtu kimenyamaza. Tano, jua ni kali na mwendo wa Husuni Kubwa si mfupi, basi maji ya kunywa na viatu imara visisahauliwe.

Tena isiishie kisiwani ziara hii. Njiani kurudi wapitishwe Kilwa Kivinje, waone bandari ambayo misafara ya bara iliishia, na mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga. Katika mji huo ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Mtoto akisimama Msikiti Mkuu asubuhi na Kivinje jioni, atakuwa ameiona kheri ya watu wa pwani na shari yao katika siku moja, naye atapima mwenyewe.

Na katika Msikiti Mkuu, baada ya kuwaombea rehema waliojenga na waliosali, waambiwe vijana wainue mikono mara ya pili, wawaombee wale ishirini waliotolewa badala ya nguo, na maelfu waliofuata, ambao majina yao hayamo katika kitabu cha msafiri yeyote. Mwenyezi Mungu awajua mmoja mmoja.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki, uturuzuku kuifuata; na utuonyeshe batili tuijue kuwa ni batili, uturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.